"Mungu ameniambia": ndoto, andiko, na swali la nani anapima

Wiki tatu zilizopita grupu letu la ukoo la WhatsApp liliwaka moto. Shangazi alituma voisi ya dakika sita, katikati analia, anasema ameota mara mbili kuhusu kibanja cha Bukoba, shamba la migomba la ukoo, marehemu babu kasimama mlangoni na koti lake lile la kaki anasema kibanja kisiuzwe. Baba mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa na ndiye aliyekuwa ameshaongea na mnunuzi, akajibu kwa mstari mmoja tu, Yeremia 23:28, ule unaosema nabii mwenye ndoto aseme ndoto yake na mwenye neno la Mungu aliseme kwa uaminifu, makapi na ngano wapi na wapi. Basi. Ukoo ukagawanyika, hawa wanasema shangazi ana Roho, hawa wanasema Neno limeshasema, shemeji yetu wa Tanga ambaye ni Mwislamu akaandika "kwetu ndoto haitoi hukumu", alafu dakika mbili baadae akaongeza "ila za kweli zipo", alafu akanyamaza kabisa, na mi namuelewa.

Nimeona niandike maana hii sio inshu ya ukoo wetu tu. Kijana anamwambia binti Mungu kanionyesha wewe ndo mke wangu, mama anaacha dawa za presha kwa sababu ya klipu ya nabii, na upande mwingine kuna mtu ukimwambia tu juzi nilisikia amani ya ajabu wakati naomba anakutolea mistari kumi kukuonyesha kwamba umepotea. Wote wanamtaja Mungu yuleyule.

Tuanze na maneno, ugomvi mwingi hapa ni wa maneno.

Maandiko ni rahisi: kwa Mkristo ni Biblia, kwa Mwislamu ni Qurani na pembeni yake hadithi za Mtume. Sifa yake kubwa ambayo watu hawaisemi ni kwamba andiko liko nje. Mi nalifungua, we unalifungua, ukurasa ni uleule, tunaweza kubishana usiku kucha na asubuhi bado liko vilevile. Kinachomtokea mtu, ndoto, maono, sauti, amani, machozi kwenye maombi, kiko ndani ya mtu mmoja na hakuna mwingine anayeweza kukifungua akasoma naye. Watu wanakiita uzoefu wa kiroho, ila uzoefu kwa Kiswahili umetoka kwenye kuzoea, yaani kitu kimerudiwa mpaka kimekukaa mwilini, kama dereva wa daladala anavyojua shimo lilipo hata taa za barabarani zikizima. Ndoto moja ya alfajiri sio uzoefu, ni tukio. Uzoefu ni bibi aliyeomba miaka hamsini, na bibi wa namna hiyo ukimsikiliza vizuri utaona huwa ana haraka ndogo sana ya kusema Mungu kamwambia.

Na kuelewa je? Kwenye Matendo 8 Filipo anamkuta mkubwa mmoja wa Ethiopia kakaa garini anasoma Isaya, anamuuliza "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Yamekuelea. Kwenye Kiswahili hicho maana ndio inayokujia wewe, inakuelea, na kuelewa tunakosema leo ni mtoto wa neno hilohilo. Yule Muethiopia anajibu atawezaje, mtu asipomwongoza. Kitabu anacho mkononi, hamu anayo, kasafiri mpaka Yerusalemu kuabudu, na bado anahitaji mtu wa kupanda garini akae naye.

Sasa mfano. Zamani kidogo hapa kwetu kila homa ilikuwa malaria. Mwili unauma, unaenda duka la dawa, unameza, ukipona unasema unaona, ilikuwa malaria. Siku hizi unatobolewa kidole, kile kipimo cha haraka, unakaa kwenye benchi kidogo unaambiwa huna malaria. Je homa ilikuwa ya uongo? Hapana, ulitetemeka kweli, shuka lililowa kweli. Ulichokosea ni jina la homa, na ukikosea jina unakosea na dawa. Mambo ya rohoni ni hivohivo, kuna kilichotokea, kuna maana uliyoipa, alafu kuna kinachotakiwa kufanyika. Shangazi kaota, hilo sibishi, mi nani nibishe usingizi wa mtu. Kwamba aliyekuja ni babu na babu katumwa na Mungu, hiyo tayari ni tafsiri. Kwamba kwa hiyo ukoo mzima usiuze, hiyo sasa ni amri. Tatizo la sentensi "Mungu ameniambia" ni kwamba inabeba vyote vitatu kwa pumzi moja, ukigusa kile cha tatu mwenyewe anaona umemwita mwongo kwenye kile cha kwanza.

Ila baba mdogo naye asijifiche. Ule mstari wa Yeremia unawasema manabii waliokuwa wanawadanganya watu kwa ndoto zao, haujafuta ndoto zote, maana Biblia hiyohiyo ina Yusufu, ina Danieli, ina Yusufu mwingine aliyeambiwa ndotoni amchukue mtoto akimbilie Misri na akaondoka usiku huohuo. Na hakuna mahali popote kwenye Maandiko palipoandikwa kibanja cha Bukoba kiuzwe. Kwa hiyo naye alichukua maoni yake akayavalisha mstari. Watu wanadhani anayenukuu andiko kaweka nafsi yake pembeni na anayesimulia ndoto ndio kajaza nafsi. Wapi! Andiko halijinukuu lenyewe, kuna mtu kachagua mstari huu akaacha ule.

Kitu kingine kinachosahaulika, hayo Maandiko yenyewe ndani yake yamejaa matukio ya watu. Musa na kijiti kinachowaka, Isaya hekaluni, Paulo njiani kwenda Dameski, Mtume Muhammad pangoni Hira. Kwa hiyo ukisema mambo ya kusikia sauti ni ya wendawazimu umekata tawi ulilokalia. Ila soma uone yanavyosimuliwa. Samweli mtoto anaitwa usiku, mara tatu anakimbilia kwa Eli akidhani mzee ndiye anayemwita. Sauti ni ya kweli ila mtoto hajui ni ya nani. Anayemfundisha ni Eli, mzee macho yamefifia, watoto wake wamemshinda tabia, na ujumbe wenyewe unakuja kuwa ni wa kuipiga nyumba ya Eli. Asubuhi Eli anadai aambiwe yote, anaambiwa, na anakubali! Mi hiyo stori huwa inanishinda. Aliyesikia alihitaji mzoefu wa kumwelekeza, na mzoefu akakubali kuhukumiwa na kitu alichokisikia mtoto.

Alafu kuna Petro. Yuko juu ya dari Yafa, mchana, njaa inamuuma, anaona kitu kama shuka kubwa kinashuka kina kila aina ya mnyama, anaambiwa chinja ule. Anakataa, na anakataa kwa sababu ya andiko, Walawi 11 anaijua toka mdogo. Inajirudia mara tatu. Baadae anaitwa nyumbani kwa Kornelio, ofisa wa jeshi la Kirumi, na kule anaona kwa macho yake watu wasiotahiriwa wamepokea Roho. Sasa angalia kilichofuata, maana watu wengi wanaishia hapo kwenye shuka. Petro anarudi Yerusalemu anahojiwa, anaeleza toka mwanzo. Baadae, Matendo 15, kinakaa kikao kizima, kuna hoja nyingi, Petro anasimulia, Barnaba na Paulo wanasimulia, mwisho Yakobo anasimama na kitabu cha nabii Amosi anaonyesha kwamba haya mambo yalishaandikwa. Barua iliyotoka pale inasema ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi. NA SISI. Hapo tukio lilimfanya Petro asome upya andiko alilodhani analijua, andiko likaangalia kama tukio limenyooka, na watu wakakaa chini wakabishana kwa uwazi. Ukiondoa kimoja katika hivyo, kikao hakikamiliki.

Mafundi wetu wana kitu kinaitwa timazi, ile kamba yenye uzito chini. Timazi haijengi ukuta, ukiiweka kwenye kiwanja mwaka mzima hautaona hata tofali moja limepanda. Ila fundi anayesema jicho langu linatosha nina miaka ishirini kazini, huyo utamjua mvua ikija. Amosi huyohuyo aliyesomwa na Yakobo ana maono ya Bwana kasimama karibu na ukuta na timazi mkononi.

Sasa haya yanayozunguka mitaani. Kuna wanaosema usisome sana, andiko huua. Mstari upo, 2 Wakorintho 3:6, andiko huua bali roho huhuisha, ila Paulo pale anazungumzia agano la zamani lililochorwa kwenye mawe na agano jipya, hazungumzii kusoma Biblia. Mtu anayekwambia kusoma kunaua roho, na amekwambia hivyo kwa kukusomea mstari, muulize kwa upole imekuwaje huo mmoja haujamuua.

La pili linapendwa sana kwenye semina: eti logosi ni neno lililoandikwa, limelala, na rema ni neno analokwambia Mungu wewe binafsi leo, na rema ndio lenye nguvu. Ni Kigiriki kweli na yote mawili yamo kwenye Agano Jipya, ila mgawanyo huo mkali haumo. Fungua 1 Petro 1, mstari wa 23 anasema mmezaliwa mara ya pili kwa neno la Mungu, hapo ni logosi, shuka mistari miwili tu, wa 25, neno la Bwana hudumu hata milele, hapo ni rema, na anazungumzia kitu kilekile. Waandishi walibadilisha maneno kama sisi tunavyosema nyumba na makazi. Lakini hiyo tofauti imejengewa huduma nzima, maana ukishakubali kuna neno la daraja la juu ambalo analipokea mtu mmoja tu, wewe na Biblia yako umeshakuwa wa daraja la chini.

Kwa Waislamu kuna la istikhara, ile swala ya kumuomba Mungu akuongoze unapotaka kuamua jambo. Wengi wanaamini ukiswali istikhara lazima uote, uone kijani au cheupe, usipoota urudie mpaka uote. Hadithi ya Jabir iliyo kwenye Bukhari inafundisha rakaa mbili na dua, unamuomba Mungu akuwezeshee lenye kheri na akuepushe na lenye shari, basi, hakuna ndoto pale. Unaomba, unashauriana na watu, unaendelea na jambo lako. Na wanazuoni wanatofautisha wahyi, yaani ufunuo, ambao ni wa mitume na umefungwa, na ilhamu, ambayo mja mwema anaweza kutiwa moyoni ila haigeuki kuwa sheria kwa mwingine. Ndoto nazo hadithi imezigawa, kuna za kutoka kwa Mungu, za shetani, na za mtu kuota yale yaliyomjaa kichwani mchana. Hiyo ndio sababu shemeji wa Tanga aliandika sentensi mbili akanyamaza, zote mbili zilikuwa sahihi.

Na lile la "imetimia, kwa hiyo ni ya Mungu". Kumbukumbu la Torati 13 inasema wazi kwamba nabii au mwota ndoto anaweza kutoa ishara na ishara IKATIMIA, na bado usimsikilize kama anakupeleka kwa miungu mingine. Kwa hiyo yule aliyekutajia namba yako ya simu madhabahuni, sawa katimiza, ila bado haujajua anakupeleka wapi.

Nani hakumbuki kikombe cha Babu? Mwaka 2011, kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa KKKT, kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, akasema Mungu amemwonyesha ndotoni mti unaoitwa mugariga, unachemshwa, mtu anakunywa kikombe kimoja kwa shilingi 500, anapona kisukari, anapona ukimwi. Magari yalipanga foleni kilomita na kilomita, wakubwa walienda, helikopta zilitua, na watu wa nchi jirani walikuja. Mi binafsi siamini kama yule mzee alikuwa tapeli, tapeli gani anabaki na bei ya shilingi 500 wakati foleni imefika huko. Lakini angalia ile homa yetu. Kaota, sawa. Kaamini kwa moyo wake wote, sawa. Ila ukweli wa moyo wake haukuwa kipimo cha dawa, na kwa dawa kipimo kipo, unapima sukari, unapima damu. Kuna watu waliacha dawa zao kwa sababu mtu mwingine aliota, hata wao hawakuota. Mzee alifariki Julai 2021.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mlokole, wale wa Uamsho wa Afrika Mashariki, na hapa nikirefusha mniwie radhi. Wengi wanaukumbuka Uamsho kwa machozi na kuungama na wimbo wa Tukutendereza, wanadhani ni harakati ya hisia tu. Mwanzo wake unaosimuliwa sana ni mwaka 1929 Kampala, daktari Mwingereza Joe Church kachoka na roho imekauka, anakutana na Mganda Simeoni Nsibambi, wanakaa wawili wanafuatilia kwenye Biblia mistari inayohusu Roho Mtakatifu. Walikuwa wanasoma! Moto ukaenda Gahini, Rwanda, ambako Church alikuwa na hospitali, miaka ya 30 ukasambaa Uganda, Burundi, Kenya, ukafika Bukoba kwetu. Wakubwa wa kanisa hawakupenda wote, mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kilifukuza kundi la wanafunzi akiwemo William Nagenda kwa kung'ang'ania kuamka alfajiri kuomba na kuhubiri wakati wamekatazwa. Lakini walokole wenyewe hawakuachiana hewani. Walikuwa na kitu wanakiita kutembea nuruni, unakaa na ndugu, unasema kilichokutokea mbele yao, na wanakuuliza. Bibi alituambia alivyookoka alirudisha sufuria ya jirani aliyokaa nayo miaka minne, na akasimama kwenye ushirika akasimulia maono yake, wale kina mama wakamuuliza, na mume wako mmepatana? Hakuna aliyeuliza maono yalikuwa na rangi gani. Udhaifu walikuwa nao, wengine walianza kupima wokovu wa mtu kwa jinsi alivyoungama, usipolia hujaokoka, hapo tukio la mmoja likageuzwa kuwa fomu ya kujaza kila mtu. Ila lile swali la mume wako nalipenda mpaka leo.

Na wale wa andiko tu nao nawadai kitu. Imam Ghazali alikuwa mwalimu mkubwa Baghdad, kila andiko analo kichwani, na mwaka 1095 akaacha kazi akaondoka, sauti ilishamkauka hata kufundisha hawezi. Baadae alieleza kwamba kujua maana ya afya ni kitu kimoja na kuwa na afya ni kingine. Tabibu anayeumwa anajua afya ni nini na dawa zake anazijua, ila afya hana. Ayubu anasema vilevile kwa kifupi, nilikusikia kwa masikio, sasa jicho langu linakuona. Mtu anayekupiga mistari bila kuwahi kukaa chini ikamuelea ni kama mwenye timazi asiyewahi kushika tofali.

Mtu atauliza, basi si tushike tu Maandiko tuwe salama? Msitu wa Shakahola, Kilifi, 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, waumini ambao kwa maelezo ya waendesha mashtaka wa Kenya walielekezwa wafunge mpaka kufa ili wakakutane na Yesu. Mhubiri wao alifikishwa mahakamani na akakana mashtaka. Mi kinachonishtua ni kwamba kule Biblia haikukosekana, ilihubiriwa. Kilichokosekana ni mtu wa nje wa kuuliza, walikuwa wamehamia porini, shule imekatazwa, hospitali imekatazwa. Ndio maana mtu akiniambia Mungu kamwambia, au Biblia imesema, sina haraka ya kupima ndoto wala mstari, naangalia kwanza kama ananiruhusu kuuliza. Na naangalia amri inamwangukia nani. Akisema Mungu kaniambia NIFUNGE, NISAMEHE, NIRUDISHE sufuria, mi nimzuie kwa nini, afanye. Akisema Mungu kaniambia WEWE unipe, WEWE unioe, WEWE uache dawa, hapo kaomba kitu kwangu, na mi nina haki ya kupima kwa kila kipimo nilichonacho. Ndoto yako inaweza kukufunga wewe. Kunifunga mimi inahitaji zaidi ya usingizi wako.

Nirudi kwa shangazi, maana mnaona nimemwacha analia kwenye voisi. Jumapili iliyopita tulikaa kikao, cha ana kwa ana, sio cha simu. Baba mdogo kaja na Biblia, shangazi kaja na daftari kaandika ndoto zote mbili. Walibishana kama saa nzima. Alafu babu mkubwa, ambaye siku zote huwa anasinzia, akamuuliza shangazi kwa Kihaya taratibu, wewe mwenyewe, bila ndoto, unataka kiuzwe? Shangazi akakaa kimya. Akasema, sitaki. Mama amelala pale, na mimi ndio niliyeilima ile migomba. Mbona hukusema toka mwanzo? Akasema, shikamooni wazee wangu, lini mmewahi kuniuliza? Yaani Mahakama Kuu Mwanza ilishasema toka 1990 kwamba mila yetu ya kumzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi ni ya kibaguzi, ila kwenye kikao chetu shangazi alihitaji marehemu amsemee ndio asikike.

Baba mdogo alifunga Biblia akaiweka mezani. Kama ndoto ilitoka kwa Mungu au ilitoka kwenye ile migomba mi sijui na hakuna aliyeuliza tena. Mnunuzi kapigiwa simu jioni ileile, kakasirika kidogo, anataka hela yake ya usafiri.